Jina Lako Liko Mstari wa Ngapi? Ushauri kwa Wakili Mweusi Kijana Nchini Marekani

Wiki iliyopita nilipata ujumbe mrefu kutoka kwa binti mmoja wa Kitanzania, wakili wa mwaka wa tatu katika kampuni kubwa ya uwakili kwenye pwani ya mashariki ya Marekani. Baada ya "shikamoo dada" aliniuliza swali ambalo nimeulizwa na wengi tangu habari za kupandishwa kwangu kuwa mbia, yaani mmoja wa wanaoimiliki kampuni ya uwakili, zisambae: afanye nini ili naye afike, ilhali kila waraka wake ukirudi kutoka kwa mbia huwa umejaa wino mwekundu, na yeye hupangiwa kupekua nyaraka wakati wenzake walioajiriwa naye siku moja wanapelekwa mahakamani. Ameniomba nisimtaje yeye wala kampuni yake, nami ya kwangu siitaji. Marahaba, mdogo wangu. Jibu lilizidi kimo cha ujumbe wa simu, na kwa kuwa najua wengi mnaosoma hapa, mlioko Mlimani, Nairobi, Kampala au ambao tayari mko huku, mnaitamani meza ileile ya wabia, nimeona nilijibu hadharani.

Ya kupata leseni nayapitia haraka. Jimbo la New York huwaruhusu wenye shahada za sheria kutoka nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, kama zetu, kufanya mtihani wake, wengine moja kwa moja na wengine baada ya kusoma shahada ya uzamili ya sheria hapa. Alama za kufaulu ni 266, na kabla ya kuapishwa unatakiwa uwe umetoa saa 50 za huduma ya kisheria bila malipo. Ukisoma utafaulu. Mtihani ule husahihishwa bila msahihishaji kukuona sura, na nasema kwa uchungu kidogo kwamba huo ndio uliokuwa upimaji wa mwisho wa namna hiyo niliokutana nao katika kazi hii.

Kuhusu wino mwekundu, kuna jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema. Mwaka 2014 kampuni ya ushauri ya Nextions iliandaa waraka mmoja wa kisheria, ikapachika ndani yake makosa 22 kwa makusudi, kuanzia ya tahajia hadi ya uchambuzi, kisha ikawapa wabia wa kampuni mbalimbali wausome na kuupa alama. Wote waliambiwa kwamba mwandishi ni wakili wa mwaka wa tatu aitwaye Thomas Meyer. Tofauti ni kwamba baadhi walielezwa Meyer ni mzungu na wengine wakaelezwa ni Mmarekani mweusi. Meyer mzungu alipata wastani wa alama 4.1 kati ya 5, Meyer mweusi akapata 3.2. Katika makosa 7 ya tahajia na sarufi, wabia waliyaona 2.9 kwa wastani walipodhani wanamsoma mzungu, na 5.8 walipodhani wanamsoma mweusi. Waraka ulikuwa uleule, neno kwa neno. Wasomaji walikuwa 53 tu, kwa hiyo huo si ushahidi wa kumtia mtu hatiani, lakini unatosha kukufanya uache kulala na kalamu ya msahihishaji kichwani ukijiuliza kama kweli ulistahili kazi hii.

Tathmini zangu za miaka ya mwanzo nimezihifadhi zote. Kila mwaka niliandikiwa kwamba nina bidii. Kijana wa kizungu tuliyekaa naye chumba kimoja, mtu mpole ambaye sina ugomvi naye, alinionyesha yake kwa nia njema kabisa: yeye alikuwa na upeo. Mwenye bidii huongezewa kazi, mwenye upeo huongezewa wateja. Kwa hiyo, mdogo wangu, usingoje tathmini ya mwisho wa mwaka. Kila ukikabidhi waraka, omba maoni ndani ya siku chache, uyaombe kwa maandishi, na uulize ni aya ipi hasa yenye kasoro na kwa nini. Msahihishaji anayelazimika kutaja aya husahihisha kwa uangalifu zaidi kuliko yule anayesema tu kwamba waraka haujakaa sawa.

Hayo yote, hata hivyo, ni madogo. Kubwa ni hili. Kila kazi mpya inapoingia katika kampuni kubwa ya uwakili, hujazwa fomu ya kufungua jalada. Baada ya jina la mteja na maelezo ya kuhakiki mgongano wa maslahi, ile ya kwetu ilikuwa na mistari mitatu: aliyemleta mteja, anayesimamia ankara, na anayeifanya kazi. Katika kampuni nyingi, aliyeandikwa mstari wa kwanza huhesabiwa sifa ya ada zote atakazolipa mteja huyo, mara nyingi kwa miaka, hata kama yeye mwenyewe hajalifungua jalada tena. Anayestaafu huwarithisha wengine wateja wake, na humrithisha nani kama si yule anayekwenda naye kuvua samaki mwishoni mwa juma? Kwa hiyo ukitaka kujua nani atakuwa mbia miaka kumi ijayo, usihesabu nani anatoka ofisini usiku wa manane. Kampuni nyingi kubwa hutarajia saa 1,900 au 2,000 za kutoza, yaani zinazolipiwa na wateja, kwa mwaka, na saa hizo sisi huzijaza mpaka zikafurika. Tunazijaza katika mstari wa tatu.

Nilikuwa na mteja mmoja, kampuni ya nishati, ambayo mwanasheria wake mkuu alikuwa akinipigia simu mimi moja kwa moja, hata usiku, kwa sababu mikataba yao ya mabomba niliijua kuliko walivyoijua wenyewe. Walipopata shauri kubwa la usuluhishi waliandika barua pepe wakisema wazi kwamba wanatuletea sisi kwa ajili ya kazi yangu. Fomu ilipojazwa, mstari wa kwanza uliandikwa jina la mbia ambaye alikuwa amekula nao chakula cha mchana zamani, na wa pili uliandikwa jina la kijana wake. Nilipouliza, nilijibiwa kwa tabasamu kwamba huo ni utaratibu tu. Mwaka uliofuata jina langu lilipopelekwa kamatini kwa ajili ya ubia, lilirudishwa kwa maelezo ya sentensi moja kwamba sina wateja wangu mwenyewe. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na sioni sababu ya kujifanya haliniumi.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachowashauri. Kazi nyingine ilipoletwa na mteja huyohuyo, nilimwandikia mbia siku ileile, kabla fomu haijafunguliwa, nikiambatanisha maneno ya mteja na kupendekeza mgawanyo wa sifa kwa asilimia, kwa lugha ya adabu isiyo na hata chembe ya malalamiko. Sifa hizo hugawanyika. Wengi hatuambiwi hilo. Nilipewa nusu. Kazi iliyofuata nikapewa yote, na mwaka huu nimeingia katika ubia wa mtaji, si ule wa mshahara. Wasiojua tofauti waelewe kwamba kampuni nyingi zina ngazi mbili: mbia wa mshahara hupewa cheo na kadi nzuri, lakini mbia wa mtaji huweka fedha zake, mara nyingi kwa mkopo wa benki, na hugawana faida. Mtu akikupongeza kwa ubia, muulize kwa upole anakupongeza kwa upi.

Msidhani haya ni ya juzi. Macon Bolling Allen alipata leseni katika jimbo la Maine mwaka 1844 na ndiye anayehesabiwa kuwa wakili mweusi wa kwanza Marekani. Wazungu wa Maine hawakutaka kumpa kazi na weusi walikuwa wachache, akahamia Boston. Charlotte Ray, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa wakili nchini humo, aliapishwa Washington mwaka 1872 baada ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Howard. Alifungua ofisi, wateja wa kutosha hawakuja, na hatimaye akarudi kufundisha shule New York. Hakuna aliyesema hawakuijua sheria. Leo weusi ni takriban asilimia 5 ya mawakili wote wa Marekani, katika nchi ambayo wao ni zaidi ya asilimia 12 ya watu, na miongoni mwa wabia wa kampuni kubwa sehemu yao, kwa takwimu za miaka ya karibuni, haijafika asilimia 3. Wanawake weusi kwa miaka mingi walikuwa chini ya asilimia 1. Sheria tunaijua, kinachogawiwa kwa upendeleo ni wateja.

Kwa hiyo, mtafute mtu wa kukusemea. Simaanishi mlezi wa kukunywesha kahawa na kukushauri juu ya mavazi, maana hao wapo tele na kampuni huwapanga kwa orodha. Namaanisha mtu mwenye kiti katika kikao ambacho wewe humo, anayeweza kusema kwamba kazi ile ilikuwa ya huyu na akasikilizwa. Si lazima awe mweusi. Wa kwangu alikuwa mama wa kizungu mkali mno, ambaye hatukuwahi kula pamoja hata mara moja, lakini hakuvumilia hesabu ya uongo. Mtu wa namna hiyo humpati kwa kumwomba akulee. Unampata kwa kumfanyia kazi moja ngumu bila dosari, kisha kumwambia waziwazi kwamba unautaka ubia. Sisi tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu hajitaji, na nyumbani hilo ni jema, lakini kamati ya malipo haina bibi wa kukuona ukifagia uwanja.

Mafunzo ya lazima yatumieni vizuri. New York humtaka wakili mzoefu amalize saa 24 za masomo kila miaka miwili, na kati ya hizo angalau 1 iwe juu ya usawa na upendeleo. Saa moja kwa miaka miwili. Basi tusitegemee kukombolewa na hiyo. Hizo nyingine zisomee mambo yanayokupeleka kwa mteja: kusoma mizania, kodi, kuhoji shahidi. Wakili anayeweza kuongea na mkurugenzi wa fedha kuhusu mizania yake hupigiwa simu yeye.

Wakati huu ni mgumu zaidi, nao ni vizuri kuujua kwa macho makavu. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipofuta upendeleo wa rangi katika udahili wa vyuo vikuu tarehe 29 Juni 2023, programu za mafunzo zilizotengwa kwa wanafunzi wa makundi fulani zimeshitakiwa, na kampuni zilizohusika zikabadili vigezo ili kila mtu aombe. Machi 2025 tume ya serikali ya fursa sawa za ajira iliziandikia kampuni kubwa 20 za uwakili ikizihoji kuhusu programu za namna hiyo. Mimi sikuwahi kunufaika nazo, kwa hiyo sizililii sana, ingawa nawaonea huruma walio nyuma yangu. Fomu ya jalada, hata hivyo, haijabadilishwa na hukumu yoyote, wala hakuna sheria inayokukataza kudai ulichokifanya.

Jiunge pia na chama. Chama cha mawakili weusi cha taifa kiliundwa mwaka 1925 huko Des Moines, Iowa, kwa sababu Chama cha Mawakili cha Marekani wakati huo hakikuwataka weusi, na hadi leo ndiko nilikopata kazi nyingi za kupasiana, wakili mmoja akimpelekea mwenzake mteja, kuliko kwenye tafrija zote za kampuni yangu. Nasikia baadhi ya vijana wetu wakisema hayo ni mambo ya Wamarekani weusi, sisi tumekuja kwa ndege na tuna historia yetu. Thurgood Marshall, wakili maarufu Mmarekani mweusi, hakuona hivyo. Mwaka 1960 alikwenda London kuwasaidia wajumbe wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House na kuwaandalia rasimu ya sura ya haki za msingi, na ndani yake akailinda hata mali ya walowezi, jambo ambalo wengine hawajamsamehe. Tukumbuke kwamba Thomas Meyer hakuulizwa mababu zake walifika kwa chombo gani.

Limebaki swali la mwisho la mdogo wangu: vipi ikiwa mbia atakataa katakata kuandika jina lake? Kwanza atunze kumbukumbu zake mwenyewe, orodha ya majalada, barua pepe za shukrani zisizo na siri za mteja, kiasi kilichotozwa, na aikabidhi orodha hiyo kabla kamati ya malipo haijakaa, kila mwaka bila kuruka. Wakikataa tena, ahame, na ahame akiwa angali na nguvu. Kanuni za maadili za mawakili wa Marekani haziruhusu kampuni imfunge wakili kwa mkataba wa kutofanya kazi hiyo kwingine baada ya kuondoka, na mteja ana haki ya kumchagua wakili amtakaye. Kuna taratibu za kumwarifu, nazo azifuate kwa makini, maana wengine wameshitakiwa kwa kuwaita wateja kabla ya kutoa taarifa ya kuondoka. Lakini mwanasheria mkuu aliyezoea kumpigia yeye simu usiku ataendelea kumpigia, na katika kampuni atakayohamia, fomu ya kufungua jalada hilo atakaa aijaze mwenyewe.