Muulize Mjomba: Kiwanja cha mama, ndoo ya nyanya na kipande cha babu

*Shikamoo mjomba. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23, kapata ajenti hapa Tanga mjini anasema atampeleka Uingereza kuchuma stroberi miezi sita. Sasa huyo ajenti anataka milioni tatu za "kushika nafasi" na pasi aiache ofisini kwake. Mama ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja. Nimzuie au nimwache? – Dada mtu, Muheza*

Marahaba mpwa wangu. Kabla ya yote, kamwambie mama kiwanja kisiuzwe, hata leo jioni nenda.

Kazi yenyewe ipo, sio hadithi. Uingereza wana viza ya wafanyakazi wa msimu, ya kuchuma matunda na mboga haizidi miezi sita, na wanaoruhusiwa kuleta watu ni waendeshaji wachache tu waliopewa kibali na serikali yao, majina yanawekwa wazi kwenye tovuti ya serikali kila mtu anayaona. Hao kisheria hawaruhusiwi kumtoza mtu hata shilingi kwa kumtafutia kazi, kwa hiyo milioni tatu ya "kushika nafasi" anashika nafasi ya nani? Ada ya viza na nauli hizo ni kweli mara nyingi mfanyakazi anajilipia, na hapo ndo penye shida maana mtu anatua shambani tayari ana deni, na mwenye deni hata akipunjwa anameza mate tu, akifikiria riba nyumbani.

Ajenti umuulize vitu viwili tu: shamba linaitwaje, na mwendeshaji mwenye kibali ni nani. Akianza kuzunguka mbuyu, ondokeni. Akitaja jina, litafute kwenye hiyo orodha mwenyewe, usipokee karatasi aliyokuprintia yeye, halafu pitieni ofisi ya serikali ya huduma za ajira muulize kama ajenti anatambulika. Na mdogo wako ajue mapema kwamba tangu Aprili 2023 sharti la hiyo viza ni alipwe si chini ya masaa 32 kwa wiki, hata kama mvua imenyesha stroberi hazichumiki. Pasi inakaa mfukoni mwake, sio kwa ajenti wala kwa bosi.

Sheria ya kuwadhibiti mawakala wa vibarua kule ilipita 2004, mwaka ambao Wachina wasiopungua 21 walizama usiku wakiokota kombe ufukweni Morecambe Bay, waliopelekwa na wakala asiyejali maji yanajaa saa ngapi. Sisi watu wa pwani tunajua hata mtoto wa darasa la pili hatumwi kuokota kombe bila kuuliza maji.

*Mjomba we kila toleo unatutisha tu. Mbona Marekani Wameksiko wanachuma mashambani na wana haki zao, walipigania wakapata? Tuambie basi walifanyaje, maana sisi huku ukigoma asubuhi mchana kishawekwa mwingine. – Kibarua mwenzio, Mombasa*

Kibarua mwenzangu, haya, nimekusikia. Ila hapo kwenye "wana haki zao" punguza kidogo. Sheria kubwa ya Marekani inayomlinda mtu anapounda chama cha wafanyakazi ni ya 1935, na iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa ndani, na mpaka leo imewaacha. Kwa hiyo hao watu wamepigana bila ngao.

Wengi wanamjua Cesar Chavez, kiongozi wa vibarua wa mashambani. Lakini mgomo wa zabibu wa Delano, California, Septemba 1965 ulianzishwa na Wafilipino, kiongozi wao Larry Itliong, Wameksiko wa kina Chavez na Dolores Huerta wakaingia wiki moja baadae. Na hilo swali lako la "kishawekwa mwingine" ndo hilohilo lililowakuta, matajiri walikuwa wamezoea kila kabila likigoma wanaleta jingine livunje mgomo, safari hii makabila mawili yakala jiko moja. Ikachukua miaka mitano, mpaka 1970. Na kilichomaliza ubishi sio mabango shambani, ni akina mama wa mijini kukataa kununua zabibu.

Lakini mi napenda zaidi ya Immokalee, Florida, sababu ile unaweza kuishika mkononi. Huo ni mji mdogo wa nyanya. Asubuhi kabla jua halijatoka vibarua wa Meksiko, Guatemala na Haiti wanajazana kwenye uwanja wa maegesho, mabasi yanakuja, mnyapara anachagua we panda we baki. Ujira ni kwa ndoo. Ndoo rasmi ni ratili 32, yaani kama kilo 14 na nusu, miaka ya 2000 mwanzoni ilikuwa inalipwa karibu senti 45. Piga hesabu mwenyewe, ndoo 125 ni karibu tani mbili za nyanya umebeba begani unakimbia nazo mpaka kwenye lori, unapata kama dola 56. Halafu mnyapara anataka ndoo iwe na kilima juu! Ikiwa sawa na ukingo anakurudisha. Hicho kilima hakilipwi. Sisi tunakijua, si ndo lumbesa hiyo? Gunia la viazi lenye kilemba mkulima halipwi kilemba. Nilivyosoma habari ya hiyo ndoo nilicheka peke yangu, kumbe wizi una lugha moja dunia nzima.

Mwaka 1996 kijana mmoja alisimama kunywa maji, mnyapara akampiga mpaka shati likajaa damu. Wenzie wakaandamana usiku hadi nyumbani kwa mnyapara wamelibeba lile shati, mamia ya watu. Waligoma mara kadhaa miaka ile, waliambulia kidogo, ndo wakakaa wakajiuliza mbona huyu mwenye shamba kila mwaka analia hana kitu? Na kweli alikuwa anabanwa, bei anapangiwa na makampuni makubwa ya chakula. Wakaacha kuhangaika na mnyapara wakaenda kwa mnunuzi. 2001 wakatangaza watu wasile Taco Bell, kampuni kubwa ya migahawa ya Marekani, madai yao ni senti moja tu zaidi kwa kila ratili ya nyanya, iende kwa mchumaji. Senti moja! Kampuni ikagoma miaka minne, wanafunzi wa vyuo wakaufukuza mgahawa kwenye kampasi zao, 2005 ikasaini. McDonald's ikafuata 2007, Burger King 2008. Kufika 2010 wakulima wa nyanya wa Florida karibu wote wakakubali.

Sasa ndoo inajazwa mpaka ukingoni, mwisho. Kuna kivuli shambani, kuna saa ya kuandikisha muda, kuna namba ya simu ya kulalamika inapokelewa usiku na mchana, na shamba likikutwa linalazimisha watu kazi, wanunuzi waliosaini hawanunui tena kwake. Hiyo ya mwisho ndo inayouma, faini bosi analipa anasahau lakini nyanya zikimuozea ghalani halali.

Kwa hiyo badala ya kuniuliza mgomo wa siku moja, niambie kwanza hicho mnachochuma hapo kinauzwa kwa nani na kinaliwa wapi, niandikie tuongee.

*Mjomba, babu yangu alitoka Kigoma kuja Tanga kukata mkonge. Watu wanasema alikuwa "manamba", ni tusi? – Mjukuu, Korogwe*

Wengine wanalitumia kama tusi lakini wewe usione aibu. Inasemwa limetokana na namba, maana mtu akiandikishwa anapewa namba na ndo anaitwa kwayo. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU (Sisal Labour Bureau), tangu 1944, wakawaleta Waha, Wangoni, Wabena, Warundi na Wanyarwanda, makusudi watoke mbali ili wasirudi kwao ovyo. Kila mmoja na kipande chake, yaani kadi ya kazi, siku ulizofanya kazi zinawekwa alama, zikitimia 30 ndo ulipwe. Usipofikisha idadi ya vifungu vya majani siku hiyo haina alama, umetoka jasho bure. Hao hao ndo waliogoma sana miaka ya mwisho ya hamsini, baada ya TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, kuanza 1955 na Kawawa akiwa katibu mkuu.

Na huo mkonge wenyewe, Mjerumani Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza vitoto 1,000 mwaka 1893, vilivyofika Tanga vizima ni 62. Viliagizwa kutoka Florida.

Kama kipande cha babu bado kipo kwenye sanduku la bibi, kipige picha pande zote mbili kabla mchwa hawajakifikia, unitumie.