Kabla Hujaacha Bahshishi Ugenini, Soma Bili

Watu wanaojiandaa kwa safari huniuliza swali lilelile: nikishakula mgahawani, nimwachie mhudumu asilimia ngapi? Wanataka namba moja ya kwenda nayo popote. Namba hiyo haipo, na ukiishikilia utaonekana bahili nchi moja na msumbufu nchi nyingine.

Mimi huanza na swali jingine: huyu aliyenihudumia analipwa na nani? Mahali ambapo mwajiri anamlipa mshahara kamili, bahshishi ni shukrani tu, na ukiondoka bila kuacha kitu hujamdhulumu mtu. Mahali ambapo sheria inamruhusu mwajiri kulipa kidogo kwa kutegemea wateja wajazie, bahshishi ni sehemu ya mshahara, na ukiinuka bila kuiacha umekula jasho la mtu.

Marekani ndiyo inayowasumbua wengi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bahshishi dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 1991. Bahshishi zisipomfikisha kwenye kima cha chini cha dola 7.25, mwajiri anatakiwa kufidia. Yapo majimbo, kama California na Washington, yanayodai mhudumu alipwe kima cha chini chote cha jimbo kabla ya bahshishi, lakini hata huko wateja wanaendelea kutoa vilevile. Ukikaa mezani na kuhudumiwa, asilimia 15 ndiyo ya chini kabisa, na wengi hutoa kati ya 18 na 20. Hesabu yake haihitaji simu. Chukua jumla kabla ya kodi, sogeza nukta upate asilimia kumi, kisha zidisha kwa mbili. Chakula cha dola 50, bahshishi dola 10.

Tatizo ni kwamba bei ya kwenye menyu ya Marekani siyo utakayolipa. Kodi ya mauzo huongezwa mwishoni katika majimbo mengi, kisha inakuja bahshishi. Sahani iliyoandikwa dola 20 inaweza kukutoka karibu dola 26. Piga hesabu hiyo kabla ya kuagiza, si baada ya kula. Bajeti ikiwa imebana, chukua chakula kaunta, ambako hakuna anayekudai bahshishi ya kukuhudumia mezani. Nasema hivi kwa uzito: usiibane bajeti yako kwenye mfuko wa mhudumu.

Ukilipa kwa kadi, katika migahawa mingi mhudumu ataondoka nayo, kisha atarudi na risiti yenye mistari miwili mitupu, mmoja wa bahshishi na mwingine wa jumla. Jaza yote miwili kwa mkono wako, kisha saini. Kundi lenu likiwa kubwa, tuseme watu sita na kuendelea, angalia kwanza neno “gratuity”, yaani bahshishi, kwenye bili, kwa sababu mara nyingi huwa wameshaiweka wenyewe na hakuna haja ya kulipa mara mbili. Zile mashine za kaunta zinazogeuzwa upande wako zikionyesha vitufe vya 18, 20 na 25 zisikutishe. Kahawa uliyoichukua umesimama haina deni. Bonyeza kitufe cha kukataa na uende zako.

Chakula kikiwa kibaya je? Mpishi si mhudumu. Mwambie meneja, atakirudisha au atakipunguza kwenye bili. Kumnyima mhudumu kabisa kuna madhara usiyoyaona, maana katika migahawa mingi anatakiwa kuwagawia waondoa vyombo na wa baa kiasi kinachohesabiwa kwa mauzo ya meza zake. Usipoacha kitu, anaweza kuwalipa wenzake kwa chakula chako kutoka mfukoni mwake.

Sasa bili yenyewe. Uingereza, na hasa London, utakuta ada ya huduma ya asilimia 12.5 imeshawekwa, ikiambatana na maelezo kwamba ni ya hiari. Ni ya hiari kweli, na unaweza kuomba iondolewe kama huduma ilikuwa mbovu. Mimi huilipa bila kinyongo, hasa tangu Oktoba 2024, sheria ilipoanza kuwalazimisha waajiri kuwapa wafanyakazi bahshishi zote bila kukata kitu. Ukishailipa, umemaliza. Ufaransa huduma imo ndani ya bei ya menyu, na bili huandika “service compris”. Sarafu chache mezani zinatosha, na zisipokuwepo hakuna atakayenuna. Italia utaona “coperto”, euro moja, mbili au tatu kwa kila aliyeketi. Hiyo ni ada ya meza na mkate, inakwenda kwa mgahawa, na wala si kosa la hesabu, kwa hiyo usigombane. Singapore, menyu yenye alama mbili za kujumlisha baada ya bei inakwambia kuwa ada ya huduma ya asilimia 10 na kodi ya asilimia 9 bado zinakuja. Brazil asilimia 10 huwekwa kwenye bili na karibu kila mtu huilipa, japo si lazima.

Ujerumani kiasi ni kidogo, asilimia tano hadi kumi, lakini namna ya kutoa ndiyo yenye utamaduni. Fedha haiachwi mezani. Mhudumu anakuja na pochi yake kubwa, anakutajia euro 27.40, nawe unampa noti ya 50 na kumtajia “thelathini” kwa Kijerumani. Anakurudishia 20, mmemalizana. Kuwa mwangalifu na neno asante wakati unanyoosha mkono wenye noti. Pale huweza kueleweka kuwa chenji ni yake, na ukiwa umetoa noti kubwa hiyo ni hasara.

Japani, weka pochi mbali. Mara nyingi unachukua bili, unakwenda nayo kwa keshia, unaweka fedha kwenye kisahani kidogo kilicho mbele yake, naye anakurudishia chenji yote hadi yeni ya mwisho. Sarafu zikibaki mezani, usishangae mhudumu akikukimbiza hadi barabarani kukurudishia, akiamini umezisahau. Kusisitiza azichukue kunamweka pabaya, na mimi sioni ukarimu katika kumlazimisha mtu kupokea asichokitaka. Sema “gochisosama deshita” unapotoka, nayo ndiyo shukrani wanayoijua. Kwenye baa zao za jioni huenda ukaletewa kisahani usichokiagiza na kikahesabiwa kwenye bili. Ni ada ya kukaa, sawa na ile ya Italia. Korea Kusini nako bahshishi haina nafasi mgahawani.

Misri ni kinyume chake. Bili mara nyingi ina ada ya huduma ya asilimia 12, na bado mhudumu anategemea kitu mkononi, kwa kuwa ile ada haimfikii yeye moja kwa moja. Hapo tembea na noti ndogondogo, umpe yeye mwenyewe, kimya kimya.

Popote unapokwama, muulize mhudumu: huduma imeshawekwa humu? Swali hilo nimeliuliza sehemu nyingi na sijaona mtu akikasirika. Pengine uko nchi isiyodai bahshishi lakini umehudumiwa vizuri kupita kawaida. Hapo unaweza kuuliza kama fedha taslimu itamfikia mapema kuliko ya kwenye kadi. Mashine ya kadi nayo ikikuuliza ulipe kwa fedha ya pale au ya kwenu, chagua ya pale, maana ukichagua ya kwenu, kiwango cha kubadilishia wanachokupa huwa kibaya.

Na sarafu za nchi uliyotoka jana usizimalizie mezani kwa mtu. Maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hupokea noti tu, kwa hiyo utakuwa umemwachia chuma asichoweza kununulia hata mkate.