Unaandika utafiti wa bamia? Hayo mabano kwenye jina usiyafute

Wiki iliyopita binti mmoja anayesoma kilimo kanitumia meseji ndefu inbox, shikamoo dada kwanza halafu kilio. Disatesheni yake ni ya bamia, makala za zamani alizopata zinasema Hibiscus esculentus, za sasa zinasema Abelmoschus esculentus, yeye kwenye jedwali kaziweka kama mimea miwili, supavaiza kamrudishia na swali moja tu: "hii ya pili ni mboga gani?" Anauliza afute ipi.

Usifute kitu mdogo wangu. Ni bamia ileile ya sokoni. Na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma humu mna ndoto ya kutoa makala kwenye majarida makubwa, ngoja niliongee hili vizuri, maana mimi lilinitoa machozi na juzi tu ndio limenipa furaha.

Nilipomaliza chuo nilijishikiza kwenye ofisi moja (siitaji) kuandaa orodha ya mboga za asili na za bustani. Nikaandika majina kamili kama nilivyofundishwa, bamia nikaiandika Abelmoschus esculentus (L.) Moench. Bosi akachukua peni nyekundu akakata kuanzia mabano mpaka mwisho, ukurasa mzima, halafu mbele ya watu akaniuliza "mabano ya nini, unafanya hesabu?" Watu wakacheka. Nikajitetea, nikaambiwa nisijifanye profesa. Ripoti ikatoka bila mabano na jina langu halikuwemo hata kwenye shukrani. Sijasahau, na sijifanyi nimesahau.

Sasa hayo mabano yanasema nini? Hiyo L. ni Linnaeus, Carl Linnaeus wa Sweden, ndiye aliyeipa bamia jina la Hibiscus esculentus kwenye kitabu chake Species Plantarum mwaka 1753. Yeye mimea aliipanga kwa kuhesabu viungo vya uzazi vya ua, stameni na pistili, na ukiangalia ua la bamia, la haibiskasi ya uani, la pamba, yote katikati yana kile kimnara ambacho stameni zimeungana zikawa bomba moja. Kwa hiyo bamia ikaingia Hibiscus, na kwa kipimo chake alikuwa sawa kabisa. Lakini bamia Ulaya ilishajulikana kabla yake, daktari wa Kiitaliano Prospero Alpini alikuwa Misri akaieleza kwenye kitabu chake cha mimea ya Misri cha 1592 kwa jina la bammia, yaani jina letu hilihili. Linnaeus hakuigundua bamia, aliisajili tu.

Halafu akatokea Friedrich Kasimir Medikus, mkuu wa bustani ya mimea ya Mannheim, Ujerumani, mtu ambaye na Linnaeus walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mwaka 1787 akasema jenasi (kundi la mimea ndugu, ndilo neno la kwanza kwenye jina) ya Hibiscus imejazwa vitu visivyofanana, akaunda jenasi mpya akaiita Abelmoschus, jina lenye asili ya Kiarabu, la ule mmea ndugu yake bamia ambao mbegu zake zinanukia miski. Ila bamia yenyewe Medikus hakuihamisha. Aliyeihamisha ni Conrad Moench wa Marburg mwaka 1794, ndio huyo anayekaa nje ya mabano. Aliyetangulia kutoa jina yuko ndani, aliyehamisha yuko nje. Basi! Ndio hesabu yenyewe ambayo bosi wangu hakuitaka.

Kama unataka kuona Medikus alichoona, nenda shambani asubuhi mapema maana ua la bamia ni la siku moja tu, jioni limesinyaa. Petali za njano mpauko, katikati doa la zambarau nzito. Acha hayo, angalia kile kikombe cha kijani kinachofunika tumba: hakifunguki kama nyota, kinachanika upande mmoja kama mfuko uliopasuka, na ua likidondoka kinadondoka nalo pamoja. Bamia changa inabaki uchi, ndio maana ukinunua fungu sokoni huoni majani yoyote kichwani, unaona tu ule mviringo karibu na kikonyo, hilo ni kovu. Sasa linganisha na rozela (wengine mnaiita choya), kikombe chake hakiondoki, kinabaki kinanenepa kinakuwa chekundu, na hicho ndicho tunachochemsha juisi, si petali kama watu wengi wanavyodhani. Mimi hapa ndipo nilipoipenda taksonomia (elimu ya kuipanga mimea na kuipa majina) kiukweli, kwamba kitu kilichotenganisha jenasi mbili nimekuwa nikikinywa na barafu tangu utotoni bila kujua.

Mngedhani habari imeisha 1794. Wapi! Mwaka 1824 Augustin Pyramus de Candolle, bingwa mkubwa wa Geneva, akairudisha Abelmoschus ndani ya Hibiscus kama kifungu tu, na kwa ukubwa wa jina lake wengi wakamfuata. Miaka 100 baadaye, 1924, Hochreutiner, naye wa Geneva hukohuko, akaitoa tena ikasimama kama jenasi kamili kwa sababu ya kikombe kilekile. Hapo katikati kila mwandishi alifuata anayemwamini, na vitabu vya kilimo viliendelea na Hibiscus esculentus muda mrefu sana hata baada ya hapo. Ndio maana huyu binti kakutana na majina mawili.

Kwa hiyo ushauri wangu: andika jina kamili mara ya kwanza unapolitaja, na waliolitoa. Ukitafuta makala tafuta kwa majina yote mawili, la zamani na la sasa, usipofanya hivyo unapoteza utafiti wa miongo mizima. Kuhakiki, ingia Plants of the World Online ya bustani ya Kew, ni bure, unaandika jina unaona visawe vyote. Na andika jina kamili, narudia.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Afrika Magharibi kuna bamia nyingine, Abelmoschus caillei, ambayo Auguste Chevalier aliieleza mwaka 1940 kama aina tu ndani ya spishi nyingine, Hibiscus manihot, mpaka 1988 Stevels akaipandisha ikawa spishi yake. Vile vijani vyembamba vilivyo chini ya kikombe, kwake ni vipana na mara nyingi vichache. Makala ya zamani ya huko inaweza kusema Hibiscus esculentus na kumbe mmea ni huu mwingine. Ndio maana tunasema weka sampuli herbariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), hata kama kitongoji kizima kinakuambia "hiyo ni bamia tu". Vijana tuna uvivu mmoja wa kukopi jina kwenye makala ya mwenzetu bila kufungua ua, halafu tunalalamika wazungu ndio wanatuandikia mimea yetu. Nani atakuandikia kama hata ua hujalishika?

Na DNA nayo imekuja na lake. Pfeil na wenzake walipima mwaka 2002 wakakuta Abelmoschus imechipuka ndani ya ukoo wa Hibiscus, kwa maana ukifuata mstari wa ukoo kavukavu unaweza kuirudisha bamia kwa Linnaeus. Watu wengi hawajakubali, mimi pia sikubali, kile kikombe kinanitosha. Ila ujue mjadala upo usije ukashangazwa siku ya kutetea kazi yako.

Mimi hiyo miaka ya katikati ya kutafuta ada na kukataliwa naruka, haina utamu. Mwezi huu makala yangu ya kwanza kama mwandishi mkuu imekubaliwa, na mhakiki mmoja kaandika kwamba jedwali la majina ni safi. Mabano yote yamo. Nimeprinti hiyo barua ya mhariri nikaibandika ukutani, mtanisamehe.

Binti yangu, fanya hivi: unganisha hiyo mistari miwili ya jedwali iwe mmoja, weka Abelmoschus esculentus (L.) Moench, chini yake andika kisawe: Hibiscus esculentus L. Na ile rozela uliyoitaja mwishoni mwa meseji ni Hibiscus sabdariffa L., L. yake haina mabano kwa sababu jina hilo liko kwenye jenasi ileile aliyoiweka Linnaeus mwaka huohuo wa 1753. Usije ukaiongezea mabano ili ifanane na jirani yake.