Jibu: Wafungwa waliopelekwa Australia, wangapi walikufa njiani?

Ndugu, umeuliza kama wafungwa wa Uingereza waliopelekwa Australia walikufa baharini kwa wingi kama ilivyokuwa kwenye meli za watumwa. Kwa jumla, hapana. Kati ya 1788 na 1868 walisafirishwa takriban 162,000, na wengi mno walifika hai.

Ila msafara wa pili, wa 1790, ulikuwa unyama mtupu. Kampuni iliyopewa kandarasi ilishazoea biashara ya watumwa, na ililipwa kwa kila mfungwa aliyepakiwa Uingereza, awe atafika Sydney au la. Walifungwa minyororo chini ya sitaha, wakanyimwa chakula. Takriban robo yao wakafa. Baadaye serikali ilibadili utaratibu wa malipo, na kuanzia 1815 kila meli ikapewa daktari msimamizi. Vifo vikapungua sana.