Mume kaniacha bandarini Maskati kwenda kwa shangazi yake

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Leicester na mume wangu wa Unguja. Desemba iliyopita tulikwenda likizo kwa meli ya kitalii: Dubai, Khasab, Maskati, Abu Dhabi, kisha Dubai tena. Ndiyo safari yetu ya kwanza bila watoto. Kwanza alikata chumba kisicho na dirisha, nikanyamaza. Begi akalijaza mashali, blanketi na dawa za magoti mpaka viatu vyangu vikakosa nafasi, nikanyamaza. Tulipofika Maskati, ghafla akasema anakwenda Seeb, mji wa jirani, kumwona shangazi yake, kizee ambaye hata simjui. Nimezunguka peke yangu soko la Matrah kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi, msikiti mkubwa sikuuona, wala sikuwa na mtu wa kunipiga picha. Meli iliondoka saa kumi na mbili, yeye alirudi saa kumi na moja na robo, nusura aachwe! Tangu siku hiyo tunajibizana kwa mkato. Mume huyu hanithamini, nafikiria kurudi kwetu. Halafu eti anasema mwakani atakwenda Maskati peke yake. Nifanyeje?
Niliyeachwa, Leicester

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuachwa ugenini kunauma, na mumeo alitakiwa akubembeleze mfuatane, si kukuaga mlangoni. Hapo nampa lawama yake. Pole imekwisha, sasa tuisome barua yako.

Unasema "ghafla". Dawa za magoti zilikuwa za magoti ya nani? Wewe husemi kama unaumwa, na mwanamume aliyekwenda Seeb akarudi kwa wakati hana magoti mabovu. Na blanketi je, melini mlilala juu ya mbao? Zawadi zile zimenunuliwa Leicester, zimefungwa mbele ya macho yako, ukazinunia kwa ajili ya viatu. Ulijua anakwenda kwa nani kabla ndege haijaruka. Naona alikwambia, tena zaidi ya mara moja, nawe ukajipa moyo kwamba akifika kule atasahau.

Tuje kwenye soko. Maduka mengi ya Matrah hufungwa adhuhuri. Wenyewe huenda kusali, kula na kujilaza, wakafungua tena alasiri. Saa zote hizo ulikuwa unazunguka kutazama makufuli? Mimi nasema ulipanda basi la bandarini ukarudi melini kula, maana chakula kilishalipiwa, ukalala kidogo, ukashuka tena. Si dhambi. Ila usiniandikie kama mtu aliyetupwa jangwani.

Na hiyo "nusura aachwe". Meli hizi kwa kawaida hutaka abiria wawe ndani nusu saa kabla ya kuondoka. Mwisho wenu ulikuwa saa kumi na moja na nusu, yeye kaingia na robo saa mkononi. Huyo alikuwa anatazama saa kutwa nzima. Ni kweli meli huwangoja waliotoka kwa ziara yake yenyewe, lakini aliyetoka kivyake haimngoji. Akichelewa hujitafutia nauli mpaka bandari inayofuata. Mumeo alilijua hilo akaenda vilevile. Hapo ndipo ulipotakiwa ujiulize huyo "kizee" ni nani.

Mimi nitakwambia. Ni dada wa baba mkwe wako, wifi wa mama mkwe wako, na neno "kizee" usilirudie mbele yangu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia nyingi za Unguja zilitawanyika. Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 akawaita Waomani waliokuwa nje warudi, wakarudi kwa maelfu na Kiswahili chao, wakaingia mashuleni, mahospitalini na maofisini. Ndugu wa tumbo moja wakawa huyu Unguja, huyu Maskati, na bahari katikati. Wapo walioonana tena wakiwa na mvi, wapo waliopelekeana salamu mpaka mmoja akazikwa. Shangazi wa Kiunguja anayekaa Seeb, sihitaji kuelezwa zaidi. Mashangazi kama hao ndio waliotuma ada za shule na nguo za Idi kwa watoto wa kaka zao. Muulize mumeo viatu vyake vya kwanza vya shule vilitoka wapi, kisha tuzungumze habari ya viatu vyako.

Waliokuzaa wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mumeo kaenda Ulaya, kazunguka Ghuba yote, ngamani yake iko Seeb, na wewe ulikuwa bandarini unanuna.

Msikiti nao umejinyima mwenyewe. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, uko kando ya barabara ileile iendayo Seeb! Wasio Waislamu huruhusiwa kutembelea asubuhi tu, saa mbili mpaka saa tano, tena si Ijumaa, lakini kwa jina lako, ambalo nimekusitiri hapa, wewe ungekwenda kusali tu kama watu wengine. Ungeliona zulia la tani 21 lililofumwa na wanawake 600 kwa miaka minne. Adhuhuri mngekuwa kwa shangazi, pilau mezani, halua na kahawa vikifuata, na wa kukupiga picha wangegombania simu, maana nyumba ya Kiswahili haikosi wajukuu.

La chumba kisicho na dirisha nalipita haraka. Ndicho cha bei ya chini, na mwenye watoto anajua kwamba melini vinywaji, mtandao na ziara za nchi kavu mara nyingi hutozwa mbali na tikiti. Bahari ilikuwa juu, bure.

Ninyi vijana wa siku hizi mmeigeuza likizo kuwa dawa ya ndoa. Nyumbani hamkai meza moja, huyu zamu ya usiku, yule na simu yake, halafu mnadunduliza mwaka mzima mkatibiwe na jua la Ghuba kwa kuwa Leicester mwezi wa Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri. Zamani fungate ilikuwa siku saba, ndani, na somo yuko pale anasikiliza. Ukinuna anakuuliza umenunia nini, na jibu la kipuuzi hulitoi mara mbili. Leo somo ni watazamaji wa status, na wao hawaulizi kitu, wanaweka kopa tu. Mke anarudi na picha mia na hamjui mumewe alilia alipomwona shangazi yake au alicheka. Wewe umeniandikia barua nzima, na pasipo hata mstari mmoja wa alivyomkuta huyo mama. Hukumuuliza!

Jambo moja limenifurahisha. Khasab umeitaja kwa jina tu. Pale wageni hupandishwa mashua za mbao wakatazame pomboo katikati ya majabali. Wewe unayelalamikia hata begi hukulalamikia Khasab, kwa hiyo siku ile ulicheka naye. Mume asiyekuthamini hachekeshi hivyo, na nauli ya Mombasa usiikate.

Sasa fanya haya. Leo hii mwombe namba ya shangazi. Mpigie wewe mwenyewe, mwamkie, jitaje kuwa ni mke wa mwanawe, muulize magoti yanaendeleaje, na umwombe radhi kwa kupita mjini kwake bila kumpa mkono. Usimwagize mumeo akuombee.

Halafu lile la mwisho, ulilolisukuma chini ya barua kwa "halafu eti". Anataka kwenda mwakani peke yake. Mengine yote uliyoniandikia ni vumbi, hili ndilo linalokunyima usingizi. Mtu hurudi haraka namna hiyo kwa mgonjwa, au kwa mahali ambapo mkewe hataki kufika. Kaa naye watoto wakishalala, muulize ni lipi kati ya hayo mawili, na akianza kusema usimkatize. Kisha niandikie alivyojibu yeye, si ulivyodhani wewe.