Mtaro Kwanza, Kifusi Baadaye

SWALI: Shikamoo babu. Barabara ya kijijini kwetu, Muheza, hukatika kila masika kwenye kona ya shule. Tunamwaga kifusi, mvua inakizoa. Juzi bodaboda aliteleza hapo, mwanafunzi akavunjika mkono. Vijana wanataka kujenga wenyewe tuta la kupunguza mwendo. Tufanyeje?
Mama wa Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Adui yenu ni maji. Nendeni mvua ikinyesha mkaangalie: bila shaka mtaro wa upande wa mlimani umeziba kwa majani na udongo, kwa hiyo maji yanavuka barabara na kuondoka na kifusi chenu. Uzibueni mpaka kwenye mdomo wa kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, kabla masika hayajaanza Machi. Ndipo mmwage moramu yenye kokoto, katikati painuke ili maji yashuke pembeni. Udongo mtupu ukilowa huteleza kama mlenda.

Kalavati likiwa limevunjika, hiyo si kazi ya msaragambo, ya wanakijiji kujitolea. Tangu 2017 barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Wakala mwingine, TANROADS, wana barabara kuu na za mikoa. Lisemeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, liingie kwenye muhtasari, mtendaji aandike barua wilayani, nakala kwa diwani.

Tuta la kienyeji nalikataa kabisa. Pikipiki ikilivaa usiku, mtu anakufa. Ombeni tuta na alama ya shule katika barua hiyohiyo. Na nyie wanangu wa bodaboda, mishikaki ya wanafunzi asubuhi, kuwapakia wengi kwenye pikipiki moja, iacheni leo.