Kocha mpya wa ulinzi anavamia mno, niogope?

Ndugu yangu, unaogopa kwa kuwa kocha mpya wa ulinzi wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo unachoshabikia huko Marekani anatuma watu watano, hata sita, kumvamia kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, karibu kila mpira unapoanzishwa. Mpe muda, ila watazame kwanza mabeki wa pembeni. Mfumo huo unawaacha wakikaba mtu kwa mtu, mara nyingi bila wa kuwasaidia nyuma. Kotabeki akibanwa mapema, beki anapona. Akipata nafasi ya kurusha, hapo ndipo balaa.

Mfano ninaoukumbuka ni kocha wa ulinzi Don Brown. Mwaka 2015 ulinzi wake pale Boston College uliruhusu wapinzani kusonga mbele yadi chache kuliko ulinzi wa chuo chochote cha daraja la juu, ingawa timu yenyewe ilishinda mechi 3 tu kati ya 12. Akahamia chuo cha Michigan na msimamo uleule. Mwaka 2018 chuo cha Ohio State wakawafunga Michigan 62-39, wapokeaji wao wepesi wakikatiza uwanja huku mabeki wa Michigan wakiwakimbiza kwa nyuma. Iliniuma sana. Kwangu mimi kosa halikuwa kuvamia. Walihitaji kukaba eneo, badala ya mtu kwa mtu, mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo usihesabu tu kotabeki ameangushwa mara ngapi. Angalia kama kocha wako anaficha nani anavamia na nani anarudi nyuma.